Johannes Kepler na Njia ya Mirihi

Johannes Kepler alizaliwa tarehe 27 Desemba 1571 katika Weil der Stadt, mji mdogo wa Ujerumani. Baba yake alikuwa askari. Alikwenda vitani, na mwishowe hakurudi tena. Mtoto mwenyewe alishikwa na ndui. Akapona, lakini macho yake yalibaki dhaifu. Mwaka 1577 mama yake alimpeleka mahali pa juu, akamwonyesha nyota yenye mkia. Kepler hakuisahau kamwe.

Shuleni alikuwa hodari wa hesabu. Mwaka 1594 akawa mwalimu wa hesabu mjini Graz, katika Austria. Mwaka 1600 alifukuzwa kule kwa sababu ya ugomvi wa dini, akaenda kukaa Prague. Huko alikuwako Tycho Brahe, mtu wa Denmark. Kwa miaka zaidi ya ishirini Tycho alikuwa amepima mahali pa nyota, usiku kwa usiku, pasipo darubini. Tycho alikuwa na vipimo, Kepler alikuwa na hesabu. Kila mmoja alimhitaji mwenzake. Basi Tycho akampa kazi ngumu: kutafuta njia ya Mirihi, sayari nyekundu. Mwaka 1601 Tycho akafa, na vipimo vyake vikabaki mikononi mwa Kepler.

Tangu zamani wenye elimu walisadiki kwamba sayari zinakwenda kwa kufuata duara kamili. Kepler pia alisadiki hivyo. Alihesabu, akafuta, akahesabu tena mara nyingi sana. Mwishowe akapata duara lililopatana vema na vipimo vingi. Lakini penginepo hesabu iliweka Mirihi mahali pamoja, na Tycho alikuwa ameiona mahali pengine. Tofauti ilikuwa ndogo, kama robo ya upana wa mwezi mpevu. Mtu mwingine angalinyamaza. Kepler alijua kwamba Tycho hakupima ovyo. Mbingu haikukosa, hesabu ndiyo iliyokosa. Akaitupa kazi yake kubwa, akaanza upya.

Alijaribu umbo la yai, nalo halikupatana. Hata mwaka 1605 akaona ukweli: njia ya Mirihi ni kama duara lililobanwa kidogo. Umbo hilo huchorwa hivi: hupigwa vijiti viwili chini, huzungushiwa kamba iliyofungwa ncha zake, kisha kijiti cha tatu hukaza kamba na kuzunguka kikichora. Jua ni kama limewekwa penye kijiti kimoja cha vile viwili. Sayari ikikaribia jua huenda mbio. Ikiwa mbali huenda polepole. Kepler aliandika hayo katika kitabu mwaka 1609.

Kisha taabu kubwa ikamfikia. Watu walimshitaki mama yake kuwa mchawi, na mwaka 1620 akafungwa gerezani. Kepler aliacha kazi, akasafiri mbali kwenda kumtetea. Kila shitaka alilichungua kama alivyochungua vipimo, akaonyesha kwamba magonjwa ya washitaki yalikuwa na sababu nyingine. Mama mzee alitishwa kwa vyombo vya mateso, lakini hakukubali uongo. Mwaka 1621 akafunguliwa.

Mwaka 1627 Kepler alitoa kitabu cha kuhesabia mahali pa sayari. Halafu akatangaza kwamba tarehe 7 Novemba 1631 sayari Utaridi itapita mbele ya jua. Mwenyewe hakuiona siku hiyo, kwa maana alikufa Regensburg tarehe 15 Novemba 1630. Lakini siku ile padri mmoja mwenye elimu, Pierre Gassendi, alikuwa akingoja mjini Paris. Akaona alama ndogo nyeusi ikipita juu ya jua. Hesabu za marehemu zilikuwa za kweli.

Baadaye, mwaka 1687, Isaac Newton wa Uingereza alieleza ni nguvu gani inayoshika sayari katika njia hiyo.

Hesabu peke yake yaweza kupotea njia, na macho peke yake hayajui sababu. Vikipatana, mtu hujua hata mambo ya siku zisizofika bado.

Maswali
1. Kwa nini Kepler na Tycho walihitajiana?
2. Kwa nini Kepler aliacha duara lake?
3. Chora njia ya sayari kwa kamba na vijiti. Jua liko wapi?
4. Gassendi aliona nini?