Wolfgang von Kempelen na Mashine Iliyosema

Siku hizi katika nchi nyingine ziko roboti ndogo zinazoongea na watoto darasani, zikiwafundisha maneno na kusoma nao hadithi. Wengi hudhani hayo ni mambo mapya kabisa. Lakini yuko mtu aliyeisemesha mashine zaidi ya miaka 200 iliyopita, na maisha yake yana fundisho kwetu tulio shuleni.

Wolfgang von Kempelen alizaliwa tarehe 23 Januari, 1734, katika mji wa Pressburg, ambao zamani zile ulikuwa katika ufalme wa Hungaria. Leo mji huo huitwa Bratislava, nao ni mji mkuu wa Slovakia. Alijifunza sheria, akajua lugha nyingi, akaingia katika kazi ya serikali ya Malkia Maria Theresa huko Vienna. Kazi za mikono alizifanya kwa kupenda tu, baada ya saa za ofisi.

Mwaka 1770 alimwonyesha Malkia sanamu ya Mturuki mwenye kilemba, iliyoketi nyuma ya sanduku kubwa na kucheza sataranji. Sanamu hiyo iliwashinda wachezaji wengi, na watu wa Ulaya wakastaajabu. Kumbe yalikuwa mazingaombwe: ndani ya sanduku alijificha mtu, stadi wa mchezo huo, naye ndiye aliyeuongoza mkono wa sanamu. Kempelen akapata sifa nyingi kwa kazi ambayo haikuwa ya kweli.

Lakini alikuwa na kazi nyingine, na hiyo ilikuwa kweli tupu. Tangu mwaka 1769 alianza kuchunguza jinsi binadamu anavyosema. Alisikia tete ya zumari ikilia kama sauti ya mtoto, akawaza kwamba, ikiwa tete yaweza kulia hivyo, huenda yaweza kufundishwa kusema. Akatengeneza mivukuto iwe mapafu, tete iwe koo, faneli ya mpira iwe kinywa, na mirija miwili iwe pua. Mkono mmoja ulikandamiza mivukuto, na mwingine ukafunika na kufunua kinywa. Mara nyingi alishindwa, akavunja na kuanza upya, kwa muda wa miaka 20 hivi. Herufi d, g, k na t zilimshinda hata mwisho, ikambidi atumie sauti ya p mahali pake. Lakini kwa kuwa mashine ilisema kwa sauti ya kitoto, wasikilizaji waliisamehe, kama tunavyomsamehe mtoto anayeanza kusema.

Wala hakuwasahau wenye shida. Mwaka 1779 alimtengenezea Maria Theresia von Paradis, mpiga kinanda kijana wa Vienna aliyekuwa kipofu tangu utoto, mashine ndogo ya kupigia chapa, akaweza kuandika barua zake mwenyewe.

Siri ya Mturuki aliificha, lakini siri ya mashine ya kusema aliitoa yote. Mwaka 1791 alichapisha kitabu kikubwa chenye picha na vipimo, ili mtu mwingine aweze kuitengeneza na kuipita. Alifariki Vienna tarehe 26 Machi, 1804.

Mbegu ile haikufa. Mwingereza Charles Wheatstone alikifuata kitabu hicho akaunda mashine kama ile. Mwaka 1863 kijana wa miaka 16, Alexander Graham Bell, aliiona, akakisoma kitabu cha Kempelen, kisha yeye na ndugu yake wakatengeneza kichwa cha kusema. Bell huyo baadaye akawa mwalimu wa watoto viziwi huko Boston, na mwaka 1876 akavumbua simu. Mturuki, kwa upande wake, aliungua moto huko Philadelphia mwaka 1854, asiache ila masimulizi.

Sasa tuzitazame tena roboti za leo. Mwaka 2004 wataalamu walitoa habari za roboti mbili zilizowekwa katika shule ya msingi huko Japani ziongee Kiingereza na watoto. Juma la kwanza watoto walizisonga. Juma la pili wengi walizichoka. Walioendelea kuongea nazo ndio waliopata faida. Tena, katika majaribio mengi ya namna hii, roboti huongozwa na mtu aliyefichwa chumba kingine, kama yule wa ndani ya sanduku.

Basi, tuonapo mashine inayofundisha, tusiishie kustaajabu. Tuulize ni nani aliye nyuma yake, inafanyaje kazi, na mtoto amejifunza neno gani jipya. Maajabu huchosha upesi; mafunzo hudumu. Kempelen alifanya yote mawili, na la pili ndilo lililozaa matunda.