Si bata wa bandani: Fundi viatu aliyekufa akiwahi kiwanda chake cha Uswisi

Kuanzia maduka ya Kariakoo hadi kwa wavuvi wanaopita karibu na kisiwa cha Shungimbili kule Mafia, ukitaja Bata kwenye mambo ya viatu hakuna anayeuliza maana yake. Wengi wamevaa raba za Bata shuleni. Wapo wanaoamini ni kampuni ya Kenya, na wapo waliokua wakidhani jina limetokana na yule ndege wa majini.

Kumbe Bata ni jina la mtu. Tomáš Baťa alizaliwa Aprili 3, 1876 katika mji mdogo wa Zlín, ambao leo upo Jamhuri ya Czech. Alifariki mwaka 1932 akiwa na miaka 56, kwenye ajali ya ndege, akiwa njiani kwenda kuangalia kiwanda chake cha nje ya nchi.

Alianza kwa madeni

Ukoo wake ulikuwa wa mafundi viatu kwa vizazi vingi. Mwaka 1894, Tomáš akiwa na miaka 18, yeye, kaka yake Antonín na dada yao Anna walichukua urithi wa mama yao wakafungua karakana. Haukupita muda mrefu madeni yakawa yamewafika shingoni.

Hela ya ngozi ilipokosekana, Tomáš alishona viatu vya turubai. Vilikuwa vyepesi na bei rahisi, na vikauzika kweli. Hapo ndipo alipojifunza kwamba mteja maskini naye ni soko, tena soko kubwa.

Mwaka 1904 alikwenda Marekani, lakini hakwenda kama tajiri wa kutembezwa viwandani. Aliomba kazi ya kibarua kwenye viwanda vya viatu vya Lynn, jimbo la Massachusetts, akashika mashine kwa mikono yake na kuona jinsi kazi ya mtu mmoja inavyogawanywa kwa watu kumi. Aliporudi Zlín akaanza kubadilisha kila kitu.

Vita Kuu ya Kwanza ilimletea oda za mabuti ya jeshi, na idadi ya wafanyakazi ikapanda hadi maelfu. Vita vilipoisha, oda nazo zikaisha. Mwaka 1922 hali ilikuwa mbaya: sarafu ya nchi yake imepanda thamani, bidhaa za kwenda nje haziuziki, maghala yamejaa. Baťa akatangaza kushusha bei ya viatu kwa nusu. Mishahara nayo ikakatwa kwa asilimia 40, na kampuni ikaanza kuwauzia wafanyakazi chakula na nguo kwa nusu bei ili waweze kuishi. Wenzake kwenye biashara walimwona amechanganyikiwa. Foleni kwenye maduka yake zikawajibu.

Kila karakana na daftari lake

Kuanzia mwaka 1924 alileta mfumo ambao bado unafundishwa kwenye vyuo vya biashara. Kila karakana ndani ya kiwanda ilihesabiwa kama biashara inayojitegemea. Wanaokata ngozi waliwauzia wanaoshona, wanaoshona wakawauzia wanaoweka soli, na bei zilipangwa mapema. Kila wiki hesabu zilifungwa na faida au hasara ilionekana palepale. Karakana ikipata faida, wafanyakazi walipata mgao. Nusu ya mgao huo ilibaki kwenye kampuni kama akiba, kwa riba ya asilimia 10.

Kwa mfumo huo, bosi hakuhitaji kusimama nyuma ya kila cherehani. Daftari lilimsimamia mfanyakazi kwa niaba yake. Na kama daftari linaweza kusimamia karakana ya ghorofa ya tatu, kwa nini lisisimamie kiwanda kilichopo nchi nyingine?

Swali hilo lilikuja kwa lazima. Mdororo wa uchumi ulipoanza mwaka 1929, nchi nyingi zilipandisha ushuru kuzuia bidhaa za nje. Viatu vya Zlín vikawa vinafika mpakani na kupoteza ile sifa yao kubwa, yaani bei. Baťa akaamua kwamba kama viatu havipiti mpakani, basi kiwanda kipite.

Mwaka 1931 uzalishaji ulianza Ottmuth, wakati huo ndani ya Ujerumani, na Borovo, Yugoslavia. Mingine ikawa inaandaliwa Möhlin nchini Uswisi na East Tilbury, nje kidogo ya London. Alisafiri kwa ndege hadi India, safari ya hatari kwa zama zile, na baada yake kazi ikaanza Konnagar, karibu na Kolkata.

Viwanda hivi vilifanana kama ndugu. Majengo yalikuwa ya matofali mekundu, yenye nguzo zilizopishana kwa mita 6.15, sawasawa na Zlín. Mashine zilikuwa zilezile na daftari la kila wiki lilelile. Mameneja na mafundi wa kwanza walitoka Zlín, wengine wakiwa vijana waliopitia shule ya kazi ya kampuni iliyoanzishwa mwaka 1925. Ila kisheria kila kiwanda kilisajiliwa kama kampuni ya nchi kilipo. Kilitakiwa kuajiri wenyeji, kuuza hapohapo na kujilisha chenyewe.

Si kila mtu alimpenda. Vyama vya wafanyakazi havikuwa na nafasi kwake, na kasi ya kazi ilikuwa ya kuchosha. Kampuni ilimiliki nyumba, maduka na hospitali, na Baťa huyohuyo alikuwa meya wa mji kuanzia mwaka 1923. Ukigombana naye kazini, ungekwenda kulalamika wapi?

Asubuhi ya ukungu

Pamoja na madaftari yote hayo, Baťa hakuacha kwenda kujionea mwenyewe. Asubuhi ya Julai 12, 1932 alifika uwanja wa ndege wa Otrokovice, jirani na Zlín, akitaka kwenda Möhlin. Ukungu ulikuwa mzito, lakini ndege yake aina ya Junkers iliruka hivyohivyo. Dakika chache baadaye ilianguka, ikamuua yeye na rubani wake, Jindřich Brouček.

Mtoto wake wa pekee alikuwa na miaka 17. Uongozi ulichukuliwa na Jan Antonín, ndugu yake kwa baba, aliyetawanya viwanda duniani kwa kasi kuliko hata marehemu.

Mfumo ulipata mtihani wake mkubwa mwaka 1945, serikali ya Czechoslovakia ilipotaifisha makao makuu pale Zlín. Kampuni nyingine ingekufa siku hiyo. Bata ilikatwa kichwa ikabaki hai, kwa sababu matawi yake ya nje yalikuwa kampuni kamili zenye mashine, wateja na hesabu zao. Mtoto wake, naye akiitwa Thomas, aliyaongoza kutoka Canada, huku akivutana na baba yake mdogo mahakamani kwa miaka mingi kuhusu nani mmiliki halali.

Moja ya matawi hayo ni Limuru, Kenya, lililoota mizizi miaka ya 1940. Huku Tanzania mambo yalikwenda njia nyingine. Februari 1967, siku chache baada ya Azimio la Arusha, serikali ilichukua sehemu kubwa ya hisa katika kampuni kadhaa za viwanda, Bata ikiwemo pamoja na za bia, sigara na saruji. Baadaye viatu vya kiwanda cha Dar es Salaam vikaanza kutoka na jina jipya, Bora. Waliosoma miaka ile wanazikumbuka raba zake. Limuru wao wameendelea kushona kwa jina la yule fundi wa Zlín.