Dieffenbach: Askari Aliyenyosha Macho ya Watoto

Katika visiwa vya Wabajuni, huko Kudhaa na mwambao wa Kismayo, kama ilivyo duniani kote, wapo watoto ambao macho yao mawili hayaelekei upande mmoja. Hayo ndiyo makengeza, ambayo wengi wetu huyafanyia mzaha. Leo twapenda kuwasimulia wasomaji wetu, hasa ndugu zetu askari wa jeshi na polisi, maisha ya mtu aliyethubutu kuyatibu kwa kisu. Yeye naye aliwahi kubeba bunduki.

Johann Friedrich Dieffenbach alizaliwa Königsberg mwaka 1792. Alianza kusomea dini, lakini vita dhidi ya Napoleon vilipopamba moto alijiunga na askari wa kujitolea. Baada ya vita aliacha mimbari akashika udaktari. Huko Berlin alipata sifa ya kuwatengenezea upya pua na midomo watu waliokatika nyuso, hata watoto wa mitaani wakamtungia wimbo.

Jicho huzungushwa na misuli sita. Dieffenbach aliona kwamba msuli unaovuta kupita kiasi ukikatwa, jicho litarudi mahali pake. Mwaka 1839 aliletewa mvulana wa miaka saba ambaye jicho lake lilielekea puani. Nusukaputi haikuwapo bado. Mtoto alishikwa, msuli wa ndani ukakatwa, na jicho likanyoka. Twakiri kwamba ujasiri wa mtoto yule haukuwa mdogo kuliko wa mpasuaji.

Habari zikaenea Ulaya kwa miezi michache tu, na hapo ndipo balaa ilipoingia. Wapasuaji wengi waliiga mkato bila kujifunza kiasi chake. Macho yaliyokuwa yakitazama ndani yakageukia nje. Katika miaka ya 1850 Albrecht von Graefe, wa Berlin pia, aliwafundisha madaktari kukata kwa kadiri. Waliokwisha kuhitimu zamani walilazimika kurudi kuwa wanafunzi.

Tena, kunyosha jicho si kulipa uoni. Mtoto mwenye makengeza, ubongo wake huacha kulisikiliza jicho lililopotoka, nalo hudhoofu. Mfaransa Buffon alikwisha kushauri mwaka 1743 kwamba jicho zima lifunikwe ili lile dhaifu lilazimike kufanya kazi. Dawa hiyo hutumika hadi leo, lakini hufaa zaidi katika miaka ya mwanzo ya utoto. Askari hufumba jicho moja alengapo shabaha, lakini akitaka kuruka mtaro usiku huyahitaji yote mawili.

Mtoto wa Kudhaa hana budi kuvushwa bahari ili afike Kismayo, na mzazi huweza kushawishika kungoja akue. Asingoje. Jicho likiendelea kupinda baada ya miezi ya kwanza ya maisha, mtoto apelekwe kwa tabibu, kwani pengine ni dalili ya mtoto wa jicho, au hata saratani iliyo ndani ya jicho.

Dieffenbach mwenyewe hakuacha kujifunza. Habari za etha ya kuondoa maumivu zilipotoka Marekani mwishoni mwa mwaka 1846, aliijaribu, na mwaka uliofuata akaiandikia kitabu. Mwaka huohuo, tarehe 11 Novemba 1847, alifariki ghafla akiwa kazini, mwenye umri wa miaka 55.