Mtunza Bustani wa Mfalme Aliyeupima Mwezi

Mboga za majani zipandwe mwezi ukiwa mchanga, na karoti na figili zingoje mpaka mwezi uanze kupungua. Hiyo ni kanuni ambayo wakulima wa nchi nyingi wameishika tangu enzi za Warumi, na hata leo wako wasiotia mbegu ardhini kabla ya kutazama mbinguni. Katika karne ya 17 alitokea Mfaransa mmoja ambaye hakuikubali wala hakuicheka. Aliijaribu. Jina lake ni Jean-Baptiste de La Quintinie.

Bwana huyu alizaliwa mwaka 1626 huko Chabanais, magharibi ya Ufaransa. Alisomea sheria mjini Poitiers, akawa wakili Paris, kisha akaajiriwa kumfundisha mtoto wa afisa mmoja mkubwa wa serikali. Alipofuatana na mwanafunzi wake hadi Italia, aliziona bustani za huko, na tangu siku hizo sheria ikaanza kumtoka moyoni. Akavisoma vitabu vya Warumi wa kale, kama vile vya Columella, ambaye naye alifundisha kwamba baadhi ya mbegu zipandwe kwa kufuata mwezi.

Aliporejea, tajiri wake alimwachia bustani aifanyie majaribio apendavyo. Alipanda miti, akaing'oa baada ya muda, akaichunguza mizizi yake. Tabia hiyo ya kutosadiki mpaka aone ndiyo iliyomjengea jina.

KINAMASI

Mwaka 1670 Mfalme Louis wa 14 alimfanya msimamizi wa bustani zote za matunda na mboga za majumba yake. Baadaye akaamriwa kutengeneza bustani mpya Versailles, karibu na jumba la kifalme. Kazi ilianza mwaka 1678 ikamalizika mwaka 1683. Mahali alipopewa palikuwa kinamasi chenye kunuka vibaya. Ilibidi pajazwe udongo kutoka kwingine, maji yachimbiwe mifereji, na kuta ndefu zijengwe kuzuia upepo na kuhifadhi joto la jua. Bustani hiyo ilikuwa na ukubwa wa hekta 9 hivi.

Mfalme alipenda mno tini na njegere, tena alizitaka kabla ya msimu wake. La Quintinie alitandaza samadi mbichi ya farasi chini ya vitalu ili ipashe udongo joto, akaifunika miche kwa vioo. Kwa njia hiyo asparaga zilifika mezani Desemba, wakati wa baridi kali, stroberi Machi, na tini Juni. Mtu mwenye kazi ya namna hii hakuwa na nafasi ya kukosea. Kama mwezi ungekuwa na msaada wowote, yeye angekuwa wa kwanza kuutumia.

MIAKA 30

Kwa zaidi ya miaka 30 aliangalia. Alipanda mbegu na kuunganisha miti mwezi ulipokuwa mchanga, ulipokuwa mpevu na ulipokuwa ukififia, kisha akalinganisha mazao. Hakuona tofauti. Palipokuwa na udongo mzuri uliotayarishwa vyema, mbegu safi na hali ya hewa ya kufaa, siku ya kwanza ya mwezi ilikuwa sawa na ya mwisho. Akaamua kwamba kanuni ile ilikuwa maneno ya kurithiana tu.

Kusema hivyo zama zile kulihitaji ujasiri, kwani takriban kila mtunza bustani aliamini kinyume chake. Lakini sayansi ya leo haijapata ushahidi wa kumpinga. Mwanga wa mwezi mpevu ni kama sehemu moja tu kati ya laki nne ya mwanga wa jua.

Mfalme alimpa cheo cha ukabaila mwaka 1687. Mwaka uliofuata La Quintinie alifariki, na yasimuliwa kwamba Mfalme alimpa pole mjane wake akikiri kuwa hasara ile ilikuwa ya wote wawili. Kitabu chake kilitolewa na mwanawe mwaka 1690, na mwaka 1693 John Evelyn akakitoa kwa Kiingereza. Bustani yenyewe ipo hadi leo, na bado yalimwa.

Hata wazee wetu wa pwani, ingawa Ramadhani na Idi waliziangalia kwa mwezi, kilimo walikihesabu kwa miongo ya siku kumi kumi za mwaka wa jua. Walijua kwamba mwaka wa mwezi hupungukiwa na siku 11 hivi, na mvua haifuatani nao. Mkulima anayengoja mwezi uandame ilhali udongo umekwisha lowa anapoteza siku ambazo hazitarudi. Mvua haimngoji mtu.