Siti binti Saad na Wenziwe

Vijana wetu wa Kilindoni siku hizi husoma katika simu zao hadithi za picha zitokazo Japani, ziitwazo manga. Wako wazee wanaokunja uso kila waonapo jambo hilo. Sisi hatumo miongoni mwao. Tulipoketi na vijana hao na kuwauliza ni nani aliyezitunga hadithi wanazozipenda, tulipata jawabu lililotufikirisha: aghalabu mmoja huandika maneno na mwingine huchora, na msomaji huzipokea kazi za wawili hao kana kwamba zimetoka katika kichwa kimoja.

Iko hadithi ya mabondia wawili iliyoanza kutolewa mwaka 1968 katika gazeti la vijana la kila wiki, mwandishi wake akiwa Ikki Kajiwara, aliyefariki mwaka 1987, na mchoraji wake Tetsuya Chiba. Joe ni yatima wa mitaani. Mpinzani wake, Rikiishi, anakutana naye gerezani. Chiba alimchora Rikiishi mrefu na mpana kuliko Joe. Hadithi ilipofika mahali ambapo wawili hao walipaswa kupigana katika uzito mmoja, mwandishi alijikuta amefungwa na mkono wa mchoraji. Hakuwa na njia ila kumfanya Rikiishi ajinyime chakula na maji mpaka mwili ukonde, naye akashinda pambano kisha akafa. Uhasama ukageuka kuwa mapenzi ya ndugu wawili, na mwaka 1970 watu mia kadhaa walikusanyika Tokyo kumwombolezea mtu ambaye hakupata kuzaliwa. Hayo yote yalianza na mstari mmoja wa penseli.

Tumeileta habari hiyo ya mbali kwa kuwa yenye kufanana nayo yalitendeka karibu nasi, ng'ambo ya maji haya haya, miaka arobaini kabla yake. Hapakuwa na penseli wala karatasi yenye picha. Palikuwa na watunzi, wapiga vyombo na mwanamke mmoja mwenye sauti. Mwanamke huyo ni marehemu Siti binti Saad wa Unguja, ambaye jina lake linajulikana na kila mtu wa pwani, na ambaye wenziwe wamesahauliwa na karibu kila mtu.

Alizaliwa Fumba yapata mwaka 1880. Baba yake alikuwa na asili ya Unyamwezi na mama yake ya Uzigua, watu waliofikishwa visiwani na mkondo ule ule wa utumwa ulioleta watu wa kulima minazi katika mashamba ya Mafia. Jina alilopewa utotoni lilikuwa Mtumwa. Hatuna haja ya kulifafanua jina hilo kwa wasomaji wa kisiwa hiki. Wako wanaokumbuka nasaba zao wenyewe na kunyamaza. Amri ya kuondoa hadhi ya utumwa ilitoka Unguja mwaka 1897, naye alikuwa msichana wa miaka kumi na saba hivi. Kwetu Mafia, tuliotengwa na Unguja na kuwekwa chini ya Wajerumani tangu mwaka 1890, sheria ya namna hiyo ilingoja hadi mwaka 1922.

Mama yake alikuwa mfinyanzi, na binti alijifunza kazi hiyo. Vyungu vilivyofinyangwa shamba vilipelekwa mjini kuuzwa, na mwuzaji hana budi kunadi. Husimuliwa kuwa watu wa mjini waliijua sauti yake kabla ya kuijua sura, kwani alipokuwa akipita na vyungu kichwani mwito wake ulisikika mitaa miwili mbele. Mwaka 1911 aliihama Fumba akaja kukaa mjini.

Mji aliouhamia ulikuwa na muziki wa daraja mbili. Taarabu ilikwisha kuingia katika jumba la Sultani tangu zama za Seyyid Barghash, aliyetawala kuanzia mwaka 1870 hadi 1888, na aliyempeleka Muhammed bin Ibrahim Misri kujifunza upigaji wa kanuni. Mwaka 1905 kiliundwa chama cha Ikhwani Safaa, cha mabwana wa mjini waliopenda muziki huo. Lugha ya nyimbo ilikuwa Kiarabu. Wasikilizaji wengi hawakukielewa, bali walitikisa vichwa. Ng'ambo ya mto, walikokaa wachukuzi, wapishi, mafundi na waliokuwa watumwa, ngoma zilikuwa za Kiswahili na hazikualikwa kwenye jumba lolote.

Ali Muhsin, mwanachama wa Ikhwani Safaa, alimsikia mwuza vyungu huyo akamfundisha uimbaji wa taratibu za taarabu na matamshi ya Kiarabu. Siti hakujua kusoma wala kuandika. Hapa turuhusiwe kusema neno kama watu tuliokaa vyuoni: asiyejua kusoma si mtu asiye na elimu. Sisi nasi tulizihifadhi sura kwa kumfuatiliza mwalimu kabla hatujatambua herufi, na liko jambo analolipata sikioni mtu wa namna hiyo ambalo mwenye kitabu hulikosa. Siti aliyapokea maneno kwa masikio, akayashika, na kila shairi lilipofika kwake lilikuwa tayari limo katika sauti ya mtu mwingine. Kazi yake ilikuwa kulihamisha.

Na mashairi yalitoka wapi? Hili ndilo swali ambalo umaarufu wake umelifunika. Alizungukwa na kundi dogo: Subeti bin Ambari, Mwalimu Shaabani, Buda bin Swedi, na Mbaruku Talsam wa Mombasa. Baina yao walikuwa wapigaji wa udi na fidla, walikuwa waimbaji, na walikuwa watunzi. Walikutana nyumbani kwa Siti, na mazungumzo yao yalikuwa yale yale ya baraza yoyote ya Ng'ambo: nani kaachwa, nani kafungwa, tajiri gani kashinda kesi ambayo maskini angeishindwa. Mmoja alileta habari, wa pili akaitia katika vina na mizani, wa tatu akatafuta sauti ya chombo itakayoibeba, na mwanamke mwenyewe akaonja kama inaimbika. Beti iliyomkwama kooni ilibadilishwa. Nyimbo nyingi za kundi hilo hazina mtunzi mmoja, sawa na jahazi ambalo mbao, misumari na tanga vimetoka kwa mafundi tofauti.

Tuchukue wimbo wa Kijiti, ulio mashuhuri kuliko nyimbo zake zote. Mwanamke mja mzito alitoka Dar es Salaam kuja Unguja kutembea. Alitolewa usiku kwenda ngomani pamoja na wanawake waliokuwa wenziwe, na huko mtu aliyeitwa Kijiti alimwua. Muuaji alivuka bahari kukimbilia Bara. Wanawake wawili waliokuwa na marehemu ndio walioandamwa na sheria.

Msomaji atazame jinsi watu wa kisa hicho walivyofungana. Yuko mgeni na wenyeji wake, na mgeni pwani ni amana. Wako mashoga wawili walioshiriki matembezi ambayo mji uliyaona kuwa ya aibu, basi ni mashahidi na ni watuhumiwa kwa wakati mmoja. Yuko muuaji asiyeonekana. Yuko hakimu. Iko mimba, ambayo haina sauti kabisa. Mtunzi mwenye haraka angemlaani Kijiti na kumaliza. Kundi la Siti halikufanya hivyo. Maneno yao yalisimulia tukio kwa utulivu, karibu kama ushahidi wa mahakamani, na uzito wa uchungu ukaachiwa sauti. Maneno peke yake yangekuwa habari ya gazeti, na sauti peke yake ingekuwa kilio cha matanga. Vilipokutana, msikilizaji wa Ng'ambo alijua mara moja kwamba anayehukumiwa katika wimbo ni mahakama. Wala hapana mahali ambapo jambo hilo limetamkwa waziwazi, na serikali ya kikoloni haikuwa na neno la kulikamata.

Katika nyimbo za mapenzi ufundi wao ulikuwa mwingine. Taarabu hupenda kusema na wewe bila ya kumtaja ni nani. Huyo anaweza kuwa mume, hawara, jirani au mke mwenza, na kila mmoja aliyeketi ukumbini hujiuliza kama ni yeye. Mtunzi huacha mlango wazi makusudi. Lakini mlango huo hufunguka kadiri mwimbaji apendavyo: akilivuta neno la mwisho linakuwa la huruma, akilikata linakuwa la dharau. Tunavyoamini sisi, katika hilo Siti alikuwa mtunzi wa pili wa kila shairi aliloliimba, na watunzi wake walimwandikia wakijua hivyo.

Yeye mwenyewe hakusalimika na ulimi wa mji. Wapo waliomtungia wimbo wa kumkebehi asili yake, kazi yake ya vyungu na sura yake, kwani hakusifiwa kwa uzuri. Kundi lake lilijibu kwa wimbo, na jibu halikukana hata shutuma moja. Lilikubali kuwa hana sura wala ukoo wa kujivunia, kisha likaisogeza mizani mahali pengine, kwenye akili na tabia. Tunaliona jibu hilo kuwa la ushujaa kuliko matusi yoyote ambayo wangeweza kuyarudisha, maana lilitoka kwa mtu aliyepata kuitwa Mtumwa, na ambaye kwa wakati huo watu walikuwa wakimwita Siti, yaani bibi mwenye heshima. Wale wale waliomcheka walimwalika kwenye harusi zao, na jumba la Sultani lilimfungulia milango.

Mwaka 1928 kampuni ya Gramophone, yenye chapa ya His Master's Voice, iliwachukua Siti na wenziwe hadi Bombay, wakatiwa katika santuri. Zilikuwa miongoni mwa sahani za kwanza za Kiswahili. Walirekodi makumi ya nyimbo katika safari hiyo, na baadaye wakarekodi tena. Sahani zikaenea pwani yote, na baada yake hapana aliyeweza kudai tena kuwa taarabu haifai kuimbwa kwa Kiswahili.

Hata hivyo santuri ilileta dhuluma yake pia. Karatasi ya duara iliyo katikati ya sahani ina nafasi finyu, na macho ya mnunuzi hutafuta jina la mwimbaji. Barazani kila mtu alijua nani kaleta habari na nani kaifunga kwa vina. Sahani ilipofika bandari ya pili, ujuzi huo ulibaki Ng'ambo. Siku hizi tunayo Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, inayotambua mtunzi kwa upande mmoja na mwigizaji au mwimbaji kwa upande wa pili, kila mmoja na haki yake. Ndugu zetu maofisa wanaoalika vikundi vya sanaa siku za sikukuu wangefanya vyema kuisoma, kwani bado tunaona bahasha ikikabidhiwa aliyesimama mbele na majina ya waliosalia yakiandikwa kwa neno moja, wenzake.

Mwishoni mwa maisha yake Siti alipata mshirika mwingine, naye hakuwa mpiga chombo. Shaaban Robert, mshairi na mtumishi wa serikali kutoka Tanga, alikutana naye akamwuliza habari za maisha yake. Mmoja alikuwa na kalamu na mwingine hakuwahi kuishika. Mmoja alikuwa mwanamume wa ofisini, mwingine bibi mzee aliyezoea kusema kwa wimbo. Wasifu uliotokana na mazungumzo hayo ulichapishwa mwaka 1958, ukasomwa mashuleni, na ndio uliowafanya watu wasiopata kuisikia sauti ile wamheshimu mwenyewe. Shaaban Robert alimpenda binadamu mwadilifu, na Siti wa kitabuni ni mwadilifu kweli kweli. Yule wa barazani, aliyecheka na akina Subeti huku akitafuta beti ya kumchoma tajiri, inabidi tumtafute kwenye nyimbo.

Siti binti Saad alifariki tarehe 8 Julai mwaka 1950. Mwandishi wake alimfuata mwaka 1962. Fatuma binti Baraka, ambaye dunia ilimjua kwa jina la Bi Kidude, aliyaimba yale aliyoyasikia kwa Siti mpaka alipofariki mwezi Aprili 2013. Chama cha Waandishi wa Habari Wanawake Tanzania kilipoanzisha jarida lake mwaka 1988 kililiita Sauti ya Siti, na hatudhani kuwa kuna jina lililofaa zaidi.

Baadhi ya sahani zile za Bombay zingali zikisikika, na redio hupiga nyimbo hizo mara moja moja nyakati za usiku. Sauti ya mwanamke hufika kwanza, kama ilivyokuwa ikifika mitaa miwili mbele ya vyungu. Nyuma yake, katika mikwaruzo ya santuri, ziko sauti za wanaume wakimpokea, na udi unaomngoja amalize neno.