Mfalme Farouk wa Misri na sarafu iliyookolewa na karatasi

Mfalme Farouk wa Misri anakumbukwa na wengi kwa kiti cha enzi alichokipoteza akiwa na umri wa miaka 32, na kwa anasa zilizomtenga na raia wake. Miongoni mwa wakusanyaji wa sarafu za kale, hata hivyo, jina lake limedumu kwa sababu nyingine. Linahusishwa na kipande kimoja cha dhahabu kutoka Marekani na hati moja ya serikali iliyotolewa Februari 29, 1944.

Kilembwe wa Muhammad Ali

Farouk alizaliwa Februari 11, 1920 katika Kasri la Abdeen mjini Cairo. Baba yake, Fuad, alikuwa sultani wakati huo na akawa mfalme mwaka 1922. Ukoo wao ulitokana na Muhammad Ali, aliyeshika madaraka nchini Misri mwaka 1805. Babu yake, Khedive Ismail, ndiye aliyetuma majeshi kuupanda mto Nile hadi Bunyoro. Mwaka 1875 Ismail alipeleka manowari hadi Barawa na Kismayu, bandari zilizokuwa chini ya Sultani wa Zanzibar, kisha akalazimika kuziondoa kwa shinikizo la Uingereza. Madeni yalimwangusha, na mwaka 1879 akaondolewa madarakani.

Mwaka 1935 Farouk alipelekwa Uingereza kusoma. Aprili 1936 baba yake akafariki, naye akarejea nyumbani kurithi ufalme akiwa na miaka 16. Baraza la wasimamizi lilitawala kwa niaba yake hadi Julai 1937. Wananchi walimpokea kwa furaha, kwani alikuwa kijana mwenye haiba na aliyeimudu vyema lugha ya Kiarabu, jambo ambalo wazee wake hawakuwa nalo. Januari 1938 alimwoa Farida, wakajaliwa mabinti watatu.

Mapenzi hayo hayakudumu. Februari 4, 1942, vita vikiwa vimekaribia mipaka ya Misri, vifaru vya Uingereza vililizingira Kasri la Abdeen. Balozi Miles Lampson alimpa mfalme hiari ya kumteua Mustafa al-Nahhas kuwa waziri mkuu au kujiuzulu. Farouk alikubali kumteua. Wanahistoria wengi wanaitaja siku hiyo kuwa mwanzo wa kuporomoka kwake, na maofisa vijana wa jeshi hawakuisahau fedheha hiyo.

Hazina ya kasri

Farouk alikusanya takriban kila kitu chenye thamani: stempu, saa, vito, kazi za sonara Fabergé wa Urusi, na juu ya yote sarafu. Sarafu na medali zake zilizidi 8,000, nyingi zikiwa za dhahabu. Wafanyabiashara wa Ulaya na Marekani walimjua kuwa mteja asiyechoka kununua. Alipata hata mojawapo ya sarafu tano tu zinazojulikana za senti tano za Marekani za mwaka 1913 zenye sura ya Uhuru. Wakati huohuo wakulima wengi wa Misri hawakuwa na ardhi, na mfalme alikuwa miongoni mwa wamiliki wakubwa wa mashamba nchini. Kwao hazina ile ilikuwa jasho lao lililofungiwa katika makabati ya kasri.

Mwanzoni mwa mwaka 1944, mfanyabiashara wa Texas, B. Max Mehl, alimuuzia sarafu ya dhahabu ya dola 20 yenye tarehe ya 1933. Kiwanda cha serikali cha Philadelphia kilikuwa kimefua sarafu 445,500 za aina hiyo. Lakini Aprili 1933 Rais Franklin Roosevelt aliwaamuru raia wairudishe dhahabu yao serikalini, na sarafu hizo hazikuruhusiwa kuingia katika mzunguko. Mbili zilihifadhiwa katika makumbusho ya Smithsonian, nyingine zikayeyushwa mwaka 1937. Yeyote aliyekuwa na nyingine alikuwa ameshika mali iliyotoka kiwandani kwa mlango wa nyuma.

Ubalozi wa Misri mjini Washington haukuificha sarafu hiyo. Uliipeleka Wizara ya Fedha ya Marekani kuomba leseni ya kuisafirisha. Sheria iliruhusu dhahabu kutoka nje ikiwa sarafu ilikuwa na thamani ya pekee kwa wakusanyaji kabla ya amri ya 1933. Wizara iliomba ushauri wa mtunzaji wa sarafu wa Smithsonian, naye akathibitisha kuwa sharti hilo limetimizwa. Leseni ikatolewa. Kosa lilikuwa wazi, kwani sarafu ambayo haijawahi kutolewa haikuweza kuwa na wakusanyaji wake kabla ya amri hiyo. Majuma machache baadaye maofisa wa Secret Service walianza kuzisaka sarafu za 1933 zilizovuja, na tisa wakazikamata na kuziyeyusha. Ya Farouk ilikwisha fika Cairo.

Kuanguka na mnada

Kushindwa kwa Misri katika vita vya Palestina vya mwaka 1948, pamoja na kashfa ya silaha mbovu, kulizidisha hasira za wanajeshi. Julai 23, 1952 Maofisa Huru walitwaa madaraka. Siku tatu baadaye, mjini Alexandria, Farouk aliukabidhi ufalme kwa mwanawe mchanga, Fuad, aliyezaliwa na mke wa pili, Narriman. Aliondoka kuelekea Naples kwa meli ya kifalme El Mahrousa, meli ileile iliyomchukua babu yake Ismail kwenda uhamishoni mwaka 1879. Makabati ya sarafu yalibaki nyuma.

Serikali mpya iliamua kuziuza mali za kasri. Mwanzoni mwa mwaka 1954 kampuni ya Sotheby's ya London iliendesha mnada katika Kasri la Koubbeh. Sarafu ya 1933 ilikuwa katika orodha, lakini Marekani iliomba iondolewe. Iliondolewa kweli, kisha ikatoweka. Farouk aliishi Italia hadi Machi 18, 1965, alipoanguka katika mkahawa mjini Roma baada ya chakula cha usiku na kufariki akiwa na miaka 45. Mwili wake ulirudishwa Misri, na sasa amelala katika msikiti wa al-Rifa'i, mjini Cairo.

Kweli ya dhahabu na kweli ya hati

Baada ya kifo chake biashara ya sarafu za kale ilibadilika. Tangu miaka ya 1980, kampuni binafsi za Marekani hupima sarafu, huthibitisha kuwa si bandia, huipa daraja kati ya 1 na 70, kisha huifunga katika kasha la plastiki lenye namba yake. Mnunuzi wa leo mara nyingi hukiangalia cheti kabla hajaiangalia sarafu yenyewe.

Februari 1996, mfanyabiashara wa Uingereza, Stephen Fenton, alikamatwa mjini New York akijaribu kuuza sarafu ya 1933, iliyoelezwa kuwa ilitoka Cairo. Hakuna aliyebisha kwamba ni ya kweli. Swali lilikuwa nani mwenye haki nayo. Ile leseni ya 1944 ikawa ngao yake, kwa kuwa serikali ilikwisha kuiruhusu kwa mkono wake. Mwaka 2001 pande mbili zilikubaliana kuiuza na kugawana fedha. Julai 30, 2002 iliuzwa kwa zaidi ya dola milioni 7.5, zikiongezwa dola 20 ili itambuliwe kuwa fedha halali. Juni 2021, ikiwa na daraja la 65, iliuzwa tena kwa takriban dola milioni 18.9.

Sarafu nyingine kumi za mwaka huohuo, zilizojitokeza baadaye Philadelphia, zilipimwa na kuonekana kuwa za kweli. Dhahabu yao ni ileile na muhuri wao ni uleule. Lakini hazikuwa na leseni, na mahakama ziliamua kuwa ni mali ya serikali. Hazina nzima ya Farouk ilitawanyika kwa wanunuzi wa mabara mengi, wala hakupata hata senti ya mnada huo. Kati ya vyote alivyokusanya, kinachotajwa zaidi hadi leo kinasimama juu ya ruhusa iliyotolewa kimakosa kwa jina la mfalme.