Mekatilili alianza na Wagiriama wenyewe

Kila Oktoba 20, Siku ya Mashujaa, jina la Mekatilili wa Menza hutajwa majukwaani Pwani nzima. Tunamsifu kwa kupambana na Mwingereza, lakini tunasahau kwamba alianza kwa kuwakabili Wagiriama wenzake.

Wazazi wake walimwita Mnyazi. Aliitwa Mekatilili, yaani mama wa Katilili, baada ya kupata mtoto. Kufikia 1913 alikuwa mjane. Wakati huo serikali ya kikoloni ilidai kodi ya nyumba na vijana wa kufanya kazi katika mashamba ya wageni. Ili kuvipata, iliteua wazee wa mitaa na kuwalipa. Kaya Fungo, makao ya baraza la Wagiriama, ilikuwa imeachwa karibu tupu, na sauti ya wazee wa kaya ilikuwa imefifia.

Mekatilili hakuwa na cheo. Alizunguka vijijini akicheza kifudu, ngoma ya mazishi, na watu wakamfuata. Aliwalaumu wazee waliokubali malipo ya serikali, na akawaambia raia kwamba utawala wao umeoza kwa sababu wameuacha. Kisha wakakusanyika Kaya Fungo wakala kiapo: wanawake mkushekushe, wanaume fisi. Baada ya hapo wazee wa serikali waliita vijana wa kazi, wasimpate mtu.

Oktoba 1913 alikamatwa, na pamoja na Wanje wa Mwadorikola akapelekwa kizuizini Kisii. Januari 1914 wawili hao walitoroka wakarudi Pwani kwa miguu, mamia ya kilomita, kabla ya kukamatwa tena. Agosti mwaka huo Waingereza waliilipua Kaya Fungo kwa baruti. Nyumba zilichomwa, watu wakauawa, na Wagiriama wakatozwa faini ya rupia 100,000.

Mwaka 1919 aliachiliwa. Hakurudi kupumzika. Wanje aliongoza baraza la wanaume kayani, naye akaongoza la wanawake, kujenga upya kile ambacho watu walikuwa wamekiacha kife. Alifariki 1924, na kaburi lake liko Bungale, Magarini.

Leo hatulipi gharama kama ile. Kifungu cha 1 cha Katiba ya 2010 kinasema mamlaka yote ni ya wananchi, na sheria inaitaka kaunti itusikilize kabla ya kupitisha bajeti. Lakini kikao cha maoni kikiitishwa wadini, wengi wetu hatuendi. Baadaye tunalalamika barazani kwamba zahanati haina dawa na barabara haipitiki.

Kiongozi mbaya alaumiwe, na mwizi ashtakiwe. Ila kiti chetu kikibaki kitupu, mtu mwingine atakikalia na kuamua kwa niaba yetu. Kikao kijacho cha bajeti wadini kwako, nenda, na umwite jirani.